Miezi 19 nikifuata mafao ya marehemu mume wangu askari: uzoefu wangu, Tanga

Nasema mimi, anaandika mjukuu wangu. Macho yangu ya kusomea simu yalikwisha zamani, naye vidole vyake vina mbio. Nimemwonya asinipambie maneno.

Naona hapa mnapozipa huduma nyota watu wanaeleza uzoefu wao wa majiko ya gesi na wa mabasi ya Dar. Mimi huduma niliyoitumia kwa muda mrefu kuliko zote ni kufuatilia haki ya mume aliyekufa. Nilianza Agosti 2021, nikamaliza Machi 2023. Kwa hiyo nami nina la kusema.

Marehemu aliingia jeshini 1973. Alinioa 1976, hapa Ngamiani, ndoa ya shehe wa mtaa na pilau ya sinia nne. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na tarehe 2 Novemba tulijazana kwa jirani mwenye redio tukamsikia Mwalimu Nyerere: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana wangu alikwisha ondoka na nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilipata barua moja tu, ya penseli, kutoka Masaka, Uganda, anasema wako wazima na wamechoka kula ndizi. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Yeye alirudi mwaka uliofuata, amekonda, ana medali. Baada ya vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mjukuu ananiuliza, bibi wako umeshaufungua? Sijaufungua.

Alistaafu 1994. Kiinua mgongo kiliezeka nyumba ya Makorora mabati na kununua baiskeli, basi. Pensheni ilifika elfu hamsini na kitu kwa mwezi, lakini enzi zile haikuja kila mwezi; mnangoja, halafu inaingia ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mwaka 2010 ukaja uhakiki wa wastaafu, kila mmoja afike mwenyewe na karatasi zake. Wangu alikuwa kalala hospitali ya Bombo, kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi. Sikujua kama mgonjwa ana njia yake ya kuhakikiwa, wala sikwenda kuuliza. Hilo ni kosa langu, nalisema kabla sijasema ya wengine. Pensheni ikakatika. Akafa 2011. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka, nikarudi kwenye vitumbua vyangu. Nikajua ile pesa imezikwa naye.

Miaka kumi ikapita hivyo. Halafu kwenye msiba mmoja Pongwe, mzee aliyekuwa naye kikosi kimoja akaniuliza, "Shemeji, yale malimbikizo uliyafuata?" Nikamwambia malimbikizo gani? Akanieleza kwamba pensheni iliyokatika kwa sababu ya uhakiki, ile miezi kabla hajafa, bado ni deni. Kama miezi 14 hivi. Nilirudi nyumbani na bajaji nikiwa sisikii hata dereva anaongea nini.

Ofisi ya kwanza siitaji jina. Nilimkuta kijana mwenye adabu, kaniamkia shikamoo bibi, kanipa kiti. Akaniuliza namba ya jeshi ya marehemu. Nikamtajia ile inayoanza na MT yote bila kutazama popote, maana niliiandika kwenye bahasha miaka ishirini na moja. Akatabasamu, akaniambia nirudi na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, kitambulisho changu cha taifa cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, barua ya mahakama ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi, namba ya akaunti ya benki, na picha ndogo mbili. Nikamwambia mwanangu, umenituma sokoni bila kapu.

Kila karatasi ina hadithi yake, ila nitawapa mbili tu.

Ya kwanza ni herufi. Cheti cha ndoa kinasema Khamis, ya K na h. Jeshini aliandikwa Hamisi. Cheti cha kifo kikatoka Hamis, haina i mwisho. Mtu mmoja, kitanda kimoja nimelala naye miaka 35, kwenye makaratasi wakawa wanaume watatu. Nikaenda kuapa kwa wakili kwamba wote hao ni mume wangu mmoja. Wakili naye kacheka. Nilirudishwa mara mbili kwa sababu ya kile kiapo, mara ya kwanza mhuri hausomeki, mara ya pili wanataka nakala halisi na mimi nimetoa kopi. Steshenari ya karibu na pale inanijua kwa jina.

Ya pili ndiyo iliyoniuma. Faili lilichukua miezi mitano kuonekana. Nikienda naambiwa bado halijafika, au mhusika yuko safari, au mtandao unasumbua. Siku lilipofika, yule kijana akafungua, akasoma, akanyamaza. Nikamwambia sema tu, mimi mtu mzima. Akaniuliza, "Bibi, huyu aliyeandikwa mrithi unamjua?" Moyo ukapiga. Askari anazunguka nchi nzima, nani ajuaye alikolala? Nikamwambia nisomee. Akasoma. Lilikuwa jina la mama mkwe wangu.

Alipoandikishwa 1973 alikuwa hajaoa, akamwandika mama yake. Akaoa, akapigana vita, akapata watoto watatu, akastaafu, na hakuna siku aliyokumbuka kwenda kubadilisha. Nilicheka pale mpaka nikatoa machozi, na sijui ni lini kicheko kiligeuka.

Maana huyo mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa naye mjane wa askari. Mumewe alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, alikwenda na Waingereza mpaka Burma vita ya pili ya dunia. Alirudi na koti zito na kikohozi. Bibi yule aliishi akiamini kwamba Waingereza watamkumbuka; kila nikienda Muheza kumtazama ananiuliza kama mjini kuna barua yake. Alikufa 1992 bado anauliza. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ikatangaza fedha za kuwasaidia wakongwe wa Jumuiya ya Madola waliotumikia majeshi yake kabla ya uhuru. Mama mkwe alikuwa na miaka 26 kaburini. Na sasa mimi nimekaa kwenye benchi la chuma naambiwa haki ya mwanawe ni ya kwake.

Ikabidi nithibitishe kwamba amekufa. Alizikwa shambani, hakuna aliyewaza cheti. Nikaenda Muheza mara tatu kutafuta wazee waliokuwepo mazikoni. Mmoja alikuwa hasikii, mmoja anakumbuka mvua ya siku ile lakini hakumbuki mwaka. Mtendaji wa kijiji aliandika barua papo hapo bila kuniambia njoo kesho. Nilimpelekea vitumbua safari ya mwisho, na wala si rushwa, shughuli ilikuwa imekwisha.

Kama mumeo ni askari na yu hai, mwulize leo hii, kabla hajalala, jina gani limeandikwa kwenye faili lake. Usimwonee haya. Mimi ningeokoa miezi saba.

Mahakama ya Mwanzo, niseme ukweli, ndipo nilipohudumiwa vizuri kuliko pote. Mnafanya kikao cha ukoo, mnaandika muhtasari, mnasaini, mnampendekeza msimamizi. Tatizo lilikuwa kikao. Neno mafao likitamkwa, ukoo unajaa. Shemeji yangu mmoja ambaye hata arobaini ya kaka yake hakuja, siku ile aliwahi kufika kabla ya mkeka kutandikwa, na kalamu yake mfukoni. Tukamaliza kwa amani, nikateuliwa mimi. Tangazo likabandikwa ubaoni, hakujitokeza mpingaji, nikapewa Fomu namba IV, ndiyo ile barua ya usimamizi wa mirathi, na hakimu mwanamke aliyenisomea mstari kwa mstari, hana haraka.

Kuna jambo la vishoka. Pale nje ya ofisi mtu alinifuata, si mtumishi, ananiambia bibi nipe laki moja faili lako nalisukuma. Nikamwambia mimi mwenyewe nasukuma baiskeli ya marehemu kutoka Makorora, nina nguvu za kusukuma faili. Msiwape hawa. Nilimwona mwenzangu wa Duga kawapa, na faili lake likafika baada ya langu.

Machi 2023 pesa ikaingia. Shilingi 701,000 na kidogo. Nilikuwa nimeandika gharama zangu zote kwenye daftari la vitumbua: nauli, kopi, picha, kiapo, vyeti, Muheza. Jumla 187,400. Shehe akaja kupiga hesabu ya mirathi ya Kiislamu. Gharama zitoke kwanza. Kinachobaki, mjane mwenye watoto ana thumuni, fungu moja katika manane. Elfu sitini na nne na kidogo! Miezi 19. Shemeji wa kalamu hakuambulia hata senti, kwa kuwa marehemu ana watoto wa kiume, na uso aliouweka ulinilipa kidogo zile nauli. Watoto wangu wote watatu wakaniachia mafungu yao. Nikakarabati choo, nikanunua kiroba cha unga wa mchele.

Nikauliza na ya kila mwezi je, ya mjane? Kijana akaniambia kwa upole kwamba kwa faili hili hakuna, pensheni ilikuwa ya mzee mwenyewe. Sikubishana. Sheria hakuitunga yeye.

Sasa mtaniuliza naishije. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, nami nina 70. Hospitali nina dirisha la wazee, sipangi foleni na vijana, matibabu bure, ingawa dawa ya presha mara nyingine wanakuandikia ukanunue nje. Halafu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Awamu iliyozinduliwa Februari 2020 ilifika mtaani kwetu, ukaitishwa mkutano, majirani wakataja nyumba zenye hali duni. Wakataja yangu. Niliinama. Siku ile hakuna aliyesema huyu ni mjane wa aliyefika Masaka. Walisema huyu hana kitu. Kwa hilo ndiyo napata, kama elfu 24 kila baada ya miezi miwili, kwenye simu. Hamadi kibindoni. Lakini nasema wazi, mimi serikali yangu inanilisha kwa sababu ni maskini, si kwa sababu nilimtoa mume. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nawasha runinga natazama mkuki na ngao vinawekwa pale mnarani, najipanga kama niko gwaride, halafu nazima nakwenda kukoroga unga.

Binamu yangu yuko Wete. Kule Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii, ilianza elfu 20, baadaye ikapandishwa hadi elfu 50, bila kuulizwa mumewe alikuwa nani wala faili lake liko wapi. Ananipigia simu kunitambia. Nimemwambia nitapanda jahazi nihamie kwake, akakata simu.

Mjukuu anasema lazima nitoe nyota, huduma haikamiliki bila nyota. Basi. Mahakama nawapa tano. Mtendaji wa Muheza tano. Ile ofisi ya faili nataka kuwapa mbili na nusu. Mjukuu anasema nusu hairuhusiwi. Waandikie tatu. Ile nusu ya juu ni ya yule kijana, kwa sababu siku aliyosoma jina la mama mkwe alifunga faili, akatoka nje, akaniletea maji. Na mabenchi yao ni ya chuma, mwendao bebeni kanga ya kukalia.