Kutafuta gari mtandaoni: uzoefu wangu, na kazi iliyobaki kwa dalali

Kabla ya kununua Toyota IST ninayoendesha sasa hapa Dodoma, nilikaa miezi kadhaa kwenye tovuti za kutafutia magari. Nilitumia za aina mbili. Kuna za wauzaji wa Japan, kama BE FORWARD, SBT Japan na soko la TCV, ambako gari bado liko ng'ambo na wewe unaagiza. Na kuna za matangazo ya hapa nchini, ambako gari lipo yadi au kwa mtu na mara nyingi lina namba tayari. Naandika kwa ajili ya anayejiuliza kama azitumie hizi au ampigie dalali moja kwa moja. Ushauri wangu: anza na tovuti mpaka uijue bei na ujue unachokitaka, ndipo umtafute mtu wa kumlipa kwa kazi ambayo tovuti haiwezi.

Kununua gari kulikuwa kunaanza kwa kumjua mtu anayemjua mtu. Dalali alijua gari liko wapi, na alijua mwenye mali anataka shilingi ngapi. Hilo la pili ndilo lililomlisha. Mwenye gari akitaka milioni 10, wewe unatajiwa 11 na nusu. Hiyo moja na nusu ni cha juu, na bado ukishalipa unaombwa kamisheni. Kati yako na mwenye gari wakiwepo madalali watatu, kila mmoja ameweka chake. Sisi wa mikoani tuliumia zaidi, maana hata kuzunguka yadi za Dar kuulizia tu ni nauli na pesa ya kulala.

Kuna jambo wanawake wenzangu wanalijua na sitalipita. Nikipiga simu mimi natajiwa bei moja, akipiga mdogo wangu wa kiume anatajiwa nyingine, gari ni lile lile. Mimi naambiwa, "Dada yangu, hii gari ya mdada, kaitunza vizuri mno," kisha nasifiwa rangi, viti na muziki. Yeye anaambiwa habari za injini na gia boksi. Kwenye tovuti unachagua Toyota, IST, mwaka, cc na mwisho wa bei unayoiweza, na orodha inayokuja ni ile ile anayoiona mwanaume wa Kariakoo au mfanyabiashara wa Tunduma. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilifurahi sana, na mpaka leo nalihesabu kuwa jema kubwa kuliko yote ambayo tovuti hizi zimetuletea.

Tovuti za Japan zimepangwa vizuri. Ukichagua nchi Tanzania na bandari Dar es Salaam, unaona bei ya gari kule lilipo, kisha bei pamoja na nauli ya meli na bima. Unaona picha za nje, ndani, na mara nyingi injini. Unaona pia herufi za mwanzo za chesisi, na hapo ndipo nilipojifunza mengi. IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, za umbo la pili kuanzia 2007 hadi 2016. Katika zile za kwanza, NCP60 ni ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500, na NCP65 ni ya cc 1500 inayovuta magurudumu yote manne. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi. Nimewahi kuambiwa kwa simu kwamba gari fulani ni la cc 1500. Nilipoomba picha ya kadi, ikaja NCP60. Mwaka mmoja kabla ya hapo nisingejua hata cha kuuliza.

Lakini bei inayong'aa kwenye skrini si bei ya gari. Kuna watu wengi sana wamelipia gari Japan wakakwama bandarini kwa sababu ya kodi, na gari linapokaa linaendelea kudaiwa gharama za kuhifadhiwa. Bei ya kwenye tovuti za Japan haina kodi ya Tanzania ndani yake. Kwa hiyo chombo cha pili, ambacho naona kina thamani kuliko tovuti yenyewe, ni kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, cha magari yaliyotumika. Unaingiza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, nacho kinakupa thamani ambayo TRA imelikadiria na kodi zake moja moja.

Chukua gari la cc 1500 lililovuka miaka 10, lililokadiriwa thamani ya 100 kurahisisha. Ushuru wa forodha 25% unakufikisha 125. Juu ya hiyo 125 kuna ushuru wa bidhaa 5% kwa ukubwa wa injini, na mwingine 30% kwa uchakavu, kwa sababu gari limezidi miaka 10. Umefika karibu 169. Weka VAT 18% juu yake, upo 199. Ongeza tozo ndogo ndogo, ikiwemo ya reli, na utaona kwamba kodi imelingana na thamani ya gari lenyewe. Lile lenye miaka 8 hadi 10 uchakavu wake ni 15%, na jipya zaidi ya hapo halilipi uchakavu kabisa. Ndiyo maana gari la bei kubwa kidogo Japan linaweza kukufikia kwa pesa ile ile na la zamani lililoonekana rahisi. Bajeti ya Juni huweza kubadilisha viwango hivi, kwa hiyo fanya hesabu yako siku unayotaka kulipa, usitegemee ya jirani.

Angalia sana mwaka. Tovuti nyingi zinatanguliza mwaka ambao gari lilisajiliwa Japan mara ya kwanza, na gari linaweza kuwa lilitengenezwa mwaka uliotangulia. TRA inahesabu umri kwa mwaka wa kutengenezwa. Tofauti ya mwaka mmoja inaweza kulitoa gari kwenye kundi la 15% na kuliingiza kwenye la 30%. Taarifa hiyo mara nyingi ipo, ila chini kabisa kwa maandishi madogo. Inapaswa kuwa juu, pembeni ya bei.

Jambo lingine la kudai ni karatasi ya mnada. Magari mengi yanayokuja huku yamepita kwenye minada ya Japan, na mkaguzi wa mnada huyapa alama kabla ya kuuzwa. 4.5 ni gari zuri, 4 ni la kawaida lililotunzwa, 3.5 lina makovu ya kutosha, na R maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Ndani hupewa herufi: A, B, C. Kwenye mchoro wa gari utakuta A kwa mkwaruzo, U kwa bonde, na XX kwa kipande kilichobadilishwa kizima. Nilitumiwa karatasi ya gari moja lililokuwa linapendeza mno kwenye picha: ndani B, mlango wa kushoto U2 (namba ni ukubwa wa bonde), na boneti XX. Picha zote zilikuwa zimepigwa kutoka kulia. Muuzaji anayekuzungusha unapoomba karatasi hii, achana naye. Na kabla hujatuma pesa, hakikisha jina la akaunti ya benki ni jina la kampuni unayonunua kwake, maana tovuti za kughushi zipo na zinavutia. Chama cha kampuni za Japan zinazouza magari yaliyotumika nje ya nchi, JUMVEA, kina orodha ya wanachama wake ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama.

Sasa nije kwenye matangazo ya nyumbani, ambako ladha ni nyingine kabisa. Ukitafuta IST Dar na kupanga kuanzia bei ya chini, utashangaa. Nilikuta gari la rangi ya fedha lenye ufa kwenye taa ya nyuma kushoto na stika iliyobanduliwa nusu kwenye kioo. Gari hilo hilo lilikuwa kwenye tangazo la pili kwa bei ya juu zaidi, na la tatu juu zaidi ya hapo, kwa namba tofauti za simu. Kote namba ya gari ilikuwa imefunikwa kwa kidole au kipande cha karatasi. Huo ndio mnyororo wa madalali niliokuwa nausikia kwa miaka, na sasa nilikuwa nauona wote mahali pamoja, kila mmoja na cha juu chake. Nikaanzia chini.

Kufunika namba kunamlinda dalali asirukwe, namwelewa. Ila kunamnyima mnunuzi kinga. Ukishaipata namba unaingia kwenye mfumo wa polisi wa TMS kuona faini ambazo gari linadaiwa, na kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kuona bima yake kama ni halali. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Kuna gari nililoambiwa "halidaiwi hata shilingi," na nilipoipata namba nikakuta madeni ya barabarani yamejipanga. Tabia nyingine inayokera ni tangazo la gari lililouzwa zamani kuachwa pale kama chambo. Unapiga, unaambiwa, "Hiyo imeondoka jana dada, ila nina kali zaidi ya hiyo." Kuna tovuti moja, siitaji, ambako hilo lilinikuta tena na tena mpaka nikaiacha.

Baada ya yote hayo nilimtafuta dalali. Nilikuwa nimeshajua bei, lakini picha haikuonyeshi chuma. Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Kinondoni, tukapatana malipo yake kabla hajatoka nyumbani: kiasi maalumu kwa kila gari atakalolikagua, nilinunue nisilinunue, na asichukue chochote kwa muuzaji. Nilishuka Dar kwa treni ya SGR asubuhi. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa ameshampigia mwenye gari la kwanza, IST namba D (herufi zake za usajili zinaanza na D): "Kesho msiliwashe mpaka tufike." Tulipofika aliweka kiganja juu ya boneti, akamtazama kijana wa pale. Ilikuwa ya moto. Gari lenye tatizo la kuwaka asubuhi hupashwa moto kabla mteja hajaja, akaniambia, na akakataa hata kulizunguka. La pili alianza na nati za boneti na za mabawa ya mbele, akitafuta rangi iliyovunjika kwenye pembe, kwa sababu spana ya fundi huacha alama. Kisha akasoma maandishi madogo ya kwenye vioo, kimoja kimoja. Kioo kimoja kilikuwa cha mtengenezaji mwingine. "Uliza hiki kilivunjwa na nini," alisema. Hakuna kitufe cha kuchuja kitakachokuletea hayo.

Aliniambia wenzake wengi wamelalamika kwamba mteja wa sasa anakuja na bei mkononi. Wengine wamehamia Instagram na WhatsApp na kuendelea na cha juu kwa wale wasiotafuta kwanza. Wengine wamegeuka waagizaji: wanakaa na mteja, wanafungua tovuti ile ile ya Japan, wanamsaidia kulipa benki na kumkabidhi kwa wakala wa forodha. Nawaheshimu wanaotaja ada yao waziwazi kwa kazi hiyo. Kazi ipo na ni ngumu, hasa kwa mtu asiyewahi kulipia kitu nje ya nchi.

Mwisho sikuagiza. Nilichukua IST iliyokuwa imeingia karibuni, ikiwa yadi, bado haijatumika hapa. Nilifika na karatasi yenye hesabu: bei ya gari la mwaka ule na hali ile mpaka bandarini, kodi ya TRA, gharama za bandari, wakala na usajili. Kilichobaki kufikia bei ya yadi ndiyo faida yao, na sikuona ubaya wowote wapate faida, kwa sababu wao ndio waliosubiri meli na kubeba hatari. Mwenye yadi aliisoma karatasi, akacheka, akaniagizia chai, tukaanza kuzungumza bei ya kweli. Alishusha. Mzee akakagua vioo na nati kama kawaida, akalala chini kutazama kutu, maana magari yaliyotembea maeneo ya theluji kama Hokkaido hupigwa na chumvi ya barabarani, kisha akasema lichukuliwe.

Kwa wenye tovuti za hapa nyumbani nina maombi. Wekeni tarehe ya kwanza ya tangazo na msiruhusu lihuishwe kila asubuhi kama jipya. Mtu aandike kama ni mwenye gari au dalali, na kama ni dalali ataje kamisheni yake palepale kwenye tangazo, kwa shilingi, kabla sijanyanyua simu.