Siku ya afya kazini: mkanda mmoja kwa watu wote

Nyota moja, tena kwa shingo upande. Ni kampuni inayozunguka maofisini na viwandani hapa Dar kufanya siku za afya: presha, sukari, uzito, halafu zumba kwenye maegesho na chupa ya maji yenye nembo. Zumba sina neno nayo. Chupa inavuja. Ugomvi wangu ni meza ya presha.

Pale mezani palikuwa na mashine moja na mkanda mmoja, ule wa sentimita 22 hadi 32. Namba hizo hazikuandikwa kama pambo. Ni mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, na mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke karibu asilimia 80 ya mkono huo. Ukizidi 32, unatafutwa mkanda mkubwa, wa 32 hadi 42. Ukilazimisha mdogo, mashine inajaza hewa kupita kiasi ndipo mshipa ubanwe, na ile ziada inasomeka kama presha ya mtu. Sasa huku kwetu ni wapakiaji na watu wa stoo. Mikono ile unaiona tu kwa macho, huhitaji hata futi kamba.

Akafika mzee wetu wa stoo, katoka kupanda ngazi na kusimama foleni. Kijana wa mashine akamfunga mkanda juu ya shati la mikono mirefu, mkono unaning'inia pembeni ya kiti, huku anamhoji namba ya simu na jina la mtu wa karibu. "158 kwa 96!" akatangaza kama kondakta wa Gongolamboto. "Mzee, presha hiyo! Mwambie bosi akupunguzie kazi." Na msimamizi wa mzee alikuwa hatua tatu nyuma yake.

Nikauliza kwa adabu, "Kaka, mkanda mkubwa upo?"

"Braza, mkanda ni huu huu, tumezunguka nao nchi nzima."

"Basi mwache akae kidogo, urudie," nikamwambia.

"Kwani wewe daktari? Anayefuata!"

Nchi nzima! Kurudia kwenyewe kungekula dakika saba. Mtu anakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa nne, ameshakwenda haja ndogo, na nusu saa iliyopita hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkono uwe wazi, uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, kwa sababu ukishuka, namba inapanda. Hapo hakuna kuongea, si mpimaji wala mpimwaji. Unapima mara mbili kwa kupishana dakika moja, unachukua wastani. Na hata ukipata 140 kwa 90 au zaidi, bado humwiti mtu mgonjwa mpaka ipimwe tena siku nyingine, labda iwe 180 kwa 120 na kuendelea, hapo unampumzisha, unarudia, na ikigoma kushuka anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hasa kama kifua kinauma au maneno yanamtoka kwa shida.

Baadaye mzee alipimwa zahanati kwa mkanda mkubwa, katulia: 134 kwa 84. Si ya kupuuza, lakini si ya kumtangazia mtu mbele ya msimamizi wake.

Meza ya sukari nayo ilikaa baada ya chai. Watu wametoka kushika maandazi, wanatobolewa vidole bila kunawa. Sukari iliyobaki kwenye ngozi inaingia kwenye tone la damu na kipimo kinapaa. Maji na sabuni, ukauke, ndiyo dawa. Halafu majibu yakalinganishwa na 7.0 (mmol/L), ambacho ni kipimo cha mtu aliyekaa bila kula kwa muda wa saa nane au zaidi. Aliyekunywa chai anahesabiwa kwa 11.1, na hapo awe na dalili za kisukari, vinginevyo anarudiwa.

Haki yake nimpe dada wa lishe. Alijifungia na mtu mmoja mmoja nyuma ya pazia, akapima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi, kisha akauliza vijiko vya sukari kwenye chai na kama chumvi inakaa mezani. Hakuhubiri. Kwa ajili yake nilikuwa naelekea nyota tatu.

Ndipo nikaliona daftari. Jina, simu, presha, sukari, uzito, mstari kwa mstari, na kila anayesaini anasoma waliomtangulia. Jioni likapigwa picha likaenda kwa afisa utumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mwajiri apewe jumla tu: wangapi wamepimwa, wangapi wamepewa rufaa. Na asidhani siku hii inafuta vipimo vya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, vya kuanza kazi, vya vipindi na vya kuondoka. Anayefanya kazi kwenye kelele anahitaji kupimwa masikio, wa vumbi mapafu. Zumba haigusi hapo.

Kwa hiyo nyota moja, na ni ya dada. Waliotangaziwa namba siku ile, azimeni au nunueni mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Pimeni siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili mbili. Siku ya kwanza itupeni, zilizobaki chukueni wastani. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi, nenda na karatasi hiyo kwa daktari. Na waajiri wanaosaini mkataba mpya na kampuni hii waulize kwanza mikanda ni mingapi, na pazia liko meza gani.