Tamthilia ya Kitelugu: ya mazungumzo au ya mashairi?

Kati ya tamthilia za Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, kwa kusoma naipa Kanyasulkam ya Gurajada Apparao, iliyo ya mazungumzo, nafasi ya kwanza. Iliigizwa 1892, ikaandikwa upya 1909, na lugha yake ni ya mtaani. Kila mhusika ana ulimi wake: Girisam huchomeka Kiingereza ili aonekane msomi, nawe humtambua hata ukilifunika jina lake. Tatizo ni urefu, sehemu saba. Soma moja kwa kikao, tena orodhesha majina kwanza, la sivyo Agnihotravadhanlu na Lubdhavadhanlu watakuchanganya.

Pandavodyogam ya Tirupati Venkata Kavulu, washairi wawili walioandika pamoja, ni tamthilia ya mashairi ya kuimbwa. Jukwaani harmoniamu huibeba. Ukiisoma kimya hupoa. Itamke kwa sauti, ukishakijua kisa cha Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India.