Siwema au Somoe?

Mdogo wangu wa Mikindani amejifungua binti, na yamebaki majina mawili.

Siwema linapendeza mdomoni, ila ukilikata kidogo tu unasikia "si wema". Watoto wa shule hawakosi kuligundua. Nimeshamwona binti akirudi nyumbani analia kwa sababu hiyo.

Somoe nalo lina "somo" ndani, kwa hiyo wataulizana: "Somo gani, hesabu?" Utani huo hauumizi. Tena somo ni wajina, na ndiye anayemfunda mwali unyagoni. Kwetu Mtwara hiyo ni heshima kubwa.

Bibi ya mtoto anataka Siwema, jina la marehemu mama yake mwenyewe, na hapo ndipo roho inaponiuma. Hata hivyo nimemwambia mdogo wangu: mwite Somoe.