Taa za ziada kwenye pikapu: ufunge wapi kwa barabara zetu za Dodoma

Mtu akiingia duka la spea hapa mjini huuliza kwanza taa ipi kali. Mimi humuuliza: utaifunga wapi? Kiangazi, ukiacha lami usiku kuelekea vijiji vya Kongwa au Mvumi huku kuna lori mbele yako, ni vumbi linaloamua kama taa yako ina faida. Nimefunga taa kwenye pikapu mbili, moja nikaikosea, ndiyo maana nimepanga hivi.

Namba moja: kwenye ngao, yale mabomba ya chuma ya kukinga mbele ya gari. Taa ikikaa chini kuliko macho yako, mwanga unaogonga chembe za vumbi haukurudii usoni sana. Tena shimo la barabarani linatupa kivuli kirefu, unaliona mapema. Ya kushoto igeuze kidogo pembeni, maana sisi tunaendesha kushoto na huko ndiko wanakotokea punda, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa. Tahadhari ni moja: taa kubwa za duara zikiziba shoo, ule wavu wa mbele, rejeta inakosa upepo. Utaligundua hilo ukiwa na mzigo unapanda Nyang'oro kwenda Iringa, mshale wa joto unapanda na wewe. Na nunua nati za kuzuia wezi. Taa za ngaoni zinafunguliwa kwa spana moja tu.

Namba mbili: chini ya bampa. Kama huna ngao, weka hapa. Kwenye vumbi zito na mvua ni pazuri kuliko pote, ila mwanga haufiki mbali na mawe yanazipata kirahisi. Chagua zenye kioo kigumu.

Namba tatu: nyuma ya kabini, zikitazama bodi la mizigo. Hizi ni za kazi. Anayepakia zabibu Hombolo au magunia Kibaigwa baada ya magharibi anajua thamani yake. Zipe swichi ya peke yake, na usitembee zikiwaka, utampofusha anayekufuata.

Namba nne: kona za boneti, karibu na nguzo za kioo. Zinamulika kona vizuri. Lakini vishikio vyake ni vyembamba, barabara ya mawimbi inavitetemesha hadi mwanga unacheza mbele yako kama taa ya disko.

Namba tano: juu ya kabini, mbele. Hapa ndipo nilipokosea. Nilifunga ule mstari mrefu wa LED, nikapita mtaani nikijiona. Usiku wa kwanza nje ya lami, boneti yangu nyeupe iling'aa hadi nikakunja macho, na vumbi likasimama mbele kama shuka lililoanikwa. Ikabidi nizime. Desemba mvua ilipoanza, matundu ambayo fundi aliyatoboa bila kuweka silikoni yalianza kudondosha maji kwenye kitambaa cha dari, tone tone, juu ya bega la abiria. Kama kazi yako ni shambani gari likiwa limesimama, juu panafaa. Basi funga kwenye keria, uirudishe nyuma kidogo ili ukingo wa paa uikinge boneti.

Sasa nyaya, maana nyaya mbovu zinaweza kuunguza pikapu. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia 9 na ushee. Swichi ndogo ya dashibodi isibebe mzigo huo. Weka rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa amri ya swichi ndogo; miguu yake ina namba. Mguu wa 30 uchukue moto wa betri kupitia fyuzi ya ampia 15, ambayo ikae karibu kabisa na betri. 87 uende kwenye taa, 85 kwenye chuma cha gari (hasi), 86 kwenye swichi. Swichi nayo ichukue moto kwenye waya wa fulu, yaani taa kubwa, ili ukidimu (ukishusha taa) kumpisha mwenzio na taa za ziada zizime zenyewe. Ila fundi apime kwanza, kwa sababu Toyota nyingi za zamani hukata taa kubwa upande wa hasi, na hapo mpangilio unabadilika. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, wa nyuzi nyingi. Ukimwona fundi anatoa waya wa nyumba, ule wa shaba moja nene, mwambie arudishe, mtikisiko utaukata.

Kulenga usifanye gari likiwa tupu. Mzigo unakandamiza nyuma, pua inainuka, na taa ulizolenga vizuri zinamulika vilele vya mibuyu. Pakia kama unavyopakia siku zote, simama mita 10 kutoka ukutani mahali tambarare, washa, teremsha hadi kitovu cha mwanga kiwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe, kisha kaza nati. Zikaze tena ukishatembea wiki moja.