Eti Athumani na Othman ni watu wawili

Nilisema nitangoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Mie niko Ghuba. Nchi gani na ubalozi mdogo upi sitaji, maana bado nina shida nao na pasipoti yangu inakaribia kuisha. Nina kiwanja Tanga, pande za Kange, na mnunuzi kapatikana. Likizo sina. Kilichotakiwa ni hati ya uwakilishi tu, nimpe dada yangu mamlaka ya kuniuzia na kusaini karatasi za uhamisho kwa niaba yangu. Watu wa chumbani wakaniambia, nenda kagonge apostili, yamekwisha. Apostili! Ule muhuri mmoja wa kuthibitisha hati, unaokubalika kwenye nchi zote zilizomo katika mkataba wake. Mkataba wenyewe ni wa The Hague, wa tangu 1961, majirani zetu Burundi na Rwanda wamo, sisi wakati nahangaika hatukuwamo. Nikipita kwa katibu adli wa huku, yaani mthibitishaji wa hati, hati itatoka kwa Kiarabu, ikatafsiriwe, ikagongwe muhuri kwenye wizara yao, kisha irudi ubalozini vilevile. Nikasema ya nini yote hayo, naenda moja kwa moja kwetu.

Kwetu. Ndivyo nilivyosema.

Siku yangu ya mapumziko ni Ijumaa, na Ijumaa wamefunga. Nikambembeleza mudiri anipe asubuhi moja, akanipa na kunikata mshahara wa siku nzima. Nikatoka kabla ya alfajiri, mabasi mawili. Bahasha yangu imetimia: hati iliyoandikwa na wakili wa Tanga, nakala ya pasipoti, nakala ya hati ya kiwanja, kitambulisho cha NIDA cha dada, picha zangu na zake. Na nilikuwa sijasaini, kwa sababu hilo nalijua, sahihi unaiweka mbele ya ofisa. Ukijisainia nyumbani umejiharibia karatasi mwenyewe. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sikujiandaa.

Dirishani alikuwapo kijana mmoja, sikio moja limezibwa na spika ya simu. Karatasi zangu hakuzishika kwa mkono. Alikuwa akizifunua kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayekagua samaki aliyelala. Akafika ukurasa wa pili akasimama.

"Athumani ni nani?"

"Baba yangu."

"Na Othman?"

"Baba yangu huyo huyo."

"Hawa ni watu wawili."

Nilicheka. Wallahi nilidhani ananitania, mtu wa kwetu anayeongea Kiswahili kama mimi. Nani asiyejua kwamba Athumani ndiye Othman? Mwalimu aliyeniandikisha darasa la kwanza aliandika Athumani kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mzee, likaenda hivyo mpaka kwenye pasipoti. Karani wa ardhi aliyeandika hati ya kiwanja naye akaona Othman ndiyo inapendeza. Mimi sikuulizwa mara zote mbili. Nikamwambia, "Kaka, kama ni wawili basi mmoja wao hajawahi kunilipia ada."

Hakucheka. Akazisukuma karatasi kwa ile kalamu mpaka zikapita chini ya kioo, moja ikaanguka sakafuni upande wangu. "Unajua kusoma wewe? Pasipoti inasema hivi, hati inasema vile. Nenda kabadilishe jina nyumbani, halafu uje."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani kwenu." Akaita namba inayofuata.

Nimeinama naokota karatasi, nyuma yangu foleni nzima inanitazama, dada mmoja mfanyakazi wa ndani kavuta mtandio usoni kwa aibu ya kuniona mimi. Mzee wangu kafa miaka mingi, mtu amemgawa mara mbili kwa kalamu ya bure ya hoteli.

Wiki kadhaa zikapita. Mnunuzi akaanza kusema ana kiwanja kingine cha kutazama, tukampunguzia bei ndipo akatulia, na hiyo hasara sijui nimdai nani. Wakili wa Tanga nilipomweleza alishangaa: kwani hawakukupa kiapo cha majina? Unaapa kuwa hayo majina mawili ni ya mtu mmoja, basi. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa kusomasoma kwenye simu, akanionyesha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kikonseli, yaani ya balozi ndogo. Ibara ya 5 inataja wazi kwamba kazi ya mthibitishaji ni miongoni mwa kazi za konseli, mradi sheria za nchi mwenyeji hazikatazi. Nikaupiga picha ule ukurasa nikaenda nao kama mtu anayekwenda vitani.

Sikupigana. Dirishani safari hii kulikuwa na mama wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, una shida gani?" Akavaa miwani, akasoma, akaguna. "Mbona hili dogo? Mume wangu mwenyewe cheti cha ndoa Hasani, pasipoti Hassan. Kaa hapo."

Nikakaa. Kiapo kikachapwa papo hapo, aya chache tu. Ofisa akaja, nikashika msahafu nikaapa, nikasaini kiapo, nikasaini hati. Mama akabandika picha zetu, akagonga muhuri ukakaa nusu juu ya uso wa dada yangu na nusu kwenye karatasi, ili mtu asije akabandua picha akaweka yake. Wino ulikuwa bado mbichi, akaupuliza kama anavyopulizwa mtoto aliyechubuka goti. Nusu saa haikufika! Nilitoka pale namuombea dua mama yule na wazazi wake, na kama ningeandika siku ile mngesoma sifa tupu.

Lakini nikapanda basi, na basi ni refu. Nusu saa. Kumbe muda wote dawa ilikuwa kwenye droo ya pili kutoka kwa yule kijana, hatua tatu, na yeye akanituma nivuke bahari nikabadilishe jina. Nikaanza kuchemka upya.

Sasa niseme na hili, ingawa linanikera. Hati ilipofika Tanga na kwenda kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, dada anasema ofisa aliyeipokea aliweka kidole pale pale. "Athumani huyu ni nani?" Dada akamfunulia kiapo, mambo yakaendelea. Bila kile kiapo angerudishwa. Kwa hiyo kijana aliona sawa. Naandika huku nauma meno, aliona sawa, na muhuri wa ofisi yake, kule nyumbani hakuna aliyeutilia shaka hata kidogo. Kama mtu ananiuliza aende kwa katibu adli au ubalozini, nitamwambia ubalozini, na majina yako uyalinganishe herufi kwa herufi kabla hujapanda basi.

Ila kuona sawa na kunitupia karatasi chini ni mambo mawili. Hayo ndiyo mawili, siyo Athumani na Othman. Angesema maneno matatu tu, "njoo uape hapa", ningemsifu yeye leo badala ya mama. Alaa, au nimsifu kwa kuwa hakunidai chochote cha chini ya meza? Hapana. Simsifu.

Mwezi ujao narudi kwa ajili ya pasipoti. Nimeshampigia simu mlinzi wa getini kumuuliza yule mama huwa zamu siku gani.