Laptopu Isiyotoka Diski: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Lamu na Visiwani

Swali ninaloulizwa zaidi na wasomaji wa Amu na visiwani si la bei. Ni hili: "Dada, laptopu ni mpya, sijaitia hata wimbo mmoja, mbona inasema nafasi imejaa?" Huwa namwomba mwenye swali anipigie picha ya stika iliyo tumboni mwa mashine, na kabla picha haijafunguka nishajua nitakachokiona. GB 64. Mara nyingine GB 32, na hapo hubaki kumwombea dua tu.

Lakini ujumbe ulionisukuma kuandika haya ulitoka kwa mwalimu mmoja wa Faza. Yeye shida yake haikuwa nafasi. Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, laptopu ikazima na haikuwaka tena. Akapanda boti, akapanda basi, akaifikisha kwa fundi Mombasa akitaka kitu kimoja: itolewe diski, aokoe alama za wanafunzi na picha za marehemu babake. Fundi akafungua skrubu, akatazama, akafunga. Diski ya kutoa haipo. Kuna chipu iliyochomelewa juu ya bodi kuu ya mashine, na bodi ndiyo iliyokufa.

Basi leo napanga laptopu kwa kigezo kimoja: je, hifadhi yake inatoka? Ukubwa wa skrini, rangi, spika, hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Hili hatakueleza, na mara nyingi yeye mwenyewe halijui.

Waliokulia kwenye nyumba za mawe watanielewa upesi. Hifadhi iliyochomelewa ni zidaka, hifadhi inayotoka ni kasha. Siku ya kuhama kasha linabebwa, zidaka hubaki na ukuta wake.

Kwa ufupi, kuna aina nne utakazokutana nazo. Kuna diski ya inchi 2.5 inayotumia kiunganishi cha SATA, pana kama kiganja, inachomolewa na kuchomekwa. Ikiwa ni SSD, yaani isiyo na kitu kinachozunguka ndani, husoma hadi karibu MB 550 kwa sekunde. Kuna kijiti cha M.2, mara nyingi urefu wa milimita 80 na upana wa 22, kinachoshikwa na skrubu moja. Kikiwa cha NVMe, njia ya kasi kuliko SATA, cha kizazi cha PCIe 3.0 kinaweza kufika MB 3,500 kwa sekunde. Kuna eMMC, ambayo ni hifadhi ya simu za bei nafuu na kompyuta ndogo, imelehemiwa juu ya bodi, na kikomo chake hata kwenye toleo la 5.1 ni kama MB 400. Halafu kuna aina ya nne, ya wenye fedha: SSD yenye kasi kubwa kabisa lakini nayo imelehemiwa. Hiyo ya nne ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu mtu ameuza ng'ombe ili ainunue.

Kwa mtu wa Nairobi huenda suala hili ni la nafasi tu: leo GB 256, kesho anataka 512. Huku kwetu suala ni uhai wa bodi. Hewa ya chumvi haichagui. Fungua mashine iliyokaa miaka michache kwenye nyumba ya mbele ya bahari, utaona kutu ya kijani kwenye viunganishi na kwenye miguu ya chipu. Ongeza unyevu wa msimu wa kusi, ongeza umeme unaoondoka na kurudi bila salamu, utaelewa kwa nini mafundi wa pwani hukutana na bodi zilizokufa huku diski zikiwa nzima. Diski nzima ikitolewa inatiwa kwenye kasha dogo la USB, inachomekwa kwenye mashine ya jirani, na kazi zako hizo hapo. Hakikisha tu una ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, ule wa tarakimu 48, kwa sababu laptopu nyingi za Windows 11 huifunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Uandike kwenye daftari.

Najua nitajibiwa: weka nakala kwenye wingu. Anayesema hivyo hajawahi kupandisha GB 40 za picha za harusi kwa bando la simu akiwa Kizingitini.

Ya kwanza: ThinkPad T480

Niseme mapema, mimi ni mtu wa ThinkPad, laptopu za Lenovo, na sitajifanya hakimu asiye na upande. Lenovo ilinunua kitengo cha kompyuta cha IBM, kilichokuwa kikiziunda, mwaka 2005, na wengi walitabiri kwamba jina litachakaa. Kwa mfululizo wa T halikuchakaa. T480 ilitoka 2018. Skrubu za chini hazidondoki, hubaki zimeshikwa na kifuniko. Ukikifungua unakuta diski kwenye trei yake, ya inchi 2.5 au ya M.2, na nafasi mbili za RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Hakuna gundi. Mwongozo wa matengenezo Lenovo yenyewe imeuweka kwenye intaneti bure, una michoro, unaonyesha kila skrubu ilipo. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kubadilisha diski hiyo akiwa na bisibisi na subira.

Na kuna betri mbili, moja ndani, moja nje. Ile ya nje unaweza kuichomoa na kuchomeka nyingine mashine ikiwa inawaka, kwa sababu ya ndani inashikilia. Kwa mji ambao umeme hukatika katikati ya kuchapisha barua ya chifu, hilo peke yake lingetosha.

Kasoro zake nazitaja. Trei ile inapotumia M.2 haiipi NVMe njia zote nne za kupitisha data bali mbili, kwa hiyo usilipe ziada kwa kijiti cha kasi ya ajabu, hutaiona. Pili, mlango wa Thunderbolt (mmoja wa ile miwili ya USB-C) wa mashine za miaka ile ulikuwa na hitilafu ya programu yake ya ndani, unaweza kugoma kuchaji. Lenovo ilitoa marekebisho. Ukiwa dukani, chaji kwa milango yote miwili ya USB-C kabla hujalipa.

Za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, nimeziona mara nyingi kati ya shilingi 25,000 na 35,000, kutegemea RAM na mikwaruzo. Ukiwa na zaidi, T14 ni nzuri, ila kwa nyingi kati yake sehemu moja ya RAM imelehemiwa. X1 Carbon RAM yote imelehemiwa. Diski inatoka, naisamehe kwa shingo upande.

Ya pili: Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5

Hizi nazo ni za 2018, nazo zilikuwa za ofisi kubwa huko Ulaya kabla ya kuletwa huku kwa kontena. M.2 inatoka, RAM ina nafasi mbili. Kama duka halina T480, chukua yoyote kati ya hizi bila kunipigia simu. EliteBook ina mwili wa alumini unaopendeza. Latitude 5490 ni nzito kidogo kuliko dada yake 7490 lakini hupatikana kwa bei laini.

Hapa lazima nisimame. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa kwa mifano michache sana. Tangu hapo maduka yamejaa EliteBook 840 G3 na ThinkPad T470, za kizazi cha sita na cha saba, zikiuzwa kama embe za msimu na muuzaji akiapa kwamba "inaingia Windows 11 bila shida". Inaingia, ndiyo, kwa ujanja ambao Microsoft haiutambui. Diski zake zinatoka vizuri, na mtu anayetumia Linux badala ya Windows atastarehe nazo. Lakini mwambie muuzaji akupunguzie, maana anauza kitu ambacho ofisi ya London imekitupa kwa sababu hiyohiyo.

Ya tatu: mpya za dukani, kwa tahadhari

Wapo wasiotaka mtumba, na sibishani nao. IdeaPad Slim 3 na HP 15 nyingi zina nafasi ya M.2. Tatizo ni majina. IdeaPad 1, kwa mfano, imeuzwa kwa jina moja ikiwa na eMMC iliyolehemiwa na pia ikiwa na SSD ya M.2. Rangi ileile, sanduku lilelile. Kwa hiyo jina halitoshi; soma namba kamili ya mfano kwenye stika ya chini, kisha itafute kwenye ukurasa wa Lenovo unaoitwa PSREF, au kwenye mwongozo wa huduma wa HP. Lenovo yangu hiyohiyo ninayoisifu ndiyo inayofanya mchezo huu.

MacBook Air: angalia mwaka

Hadi ile ya 2017, SSD yake inatoka, ingawa kiunganishi ni cha Apple peke yao na utahitaji adapta. Kuanzia ya 2018, imelehemiwa, basi. Ya chipu ya M1 ilitoka Novemba 2020, ni mashine tamu sana, haina hata feni ya kuvuta vumbi na chumvi. Lakini ya msingi ina GB 256, na aliyetaka 512 alidaiwa dola 200 zaidi Marekani siku ya kununua. Baada ya siku hiyo hakuna fedha inayosaidia. Na bodi ikifa, data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu ya bodi ileile, kwa hiyo hata fundi hodari akiing'oa hifadhi yenyewe hatasoma kitu. Kama kazi yako ni video za watalii kule Shela na unaitaka tu, nunua, ila siku hiyohiyo nunua na diski ya nje.

Watasema wembamba ndio unaolazimisha kulehemu. Si kweli. Surface Laptop ya kwanza ya Microsoft, ya 2017, ilipewa sifuri kati ya kumi na iFixit, tovuti inayopima urahisi wa kutengeneza vifaa, kwa kutotengenezeka. Ya tatu, 2019, ikatoka na SSD inayochomolewa, na haikunenepa.

HP Stream, Chromebook na nduguze

Usinunue, nyingi ni za eMMC. Kama umepewa na shirika au shule, shukuru, hifadhi kazi zako kwingine.

Sasa wauzaji

Muuzaji mmoja wa Mombasa, duka silitaji, ameandika kwenye kadi za bei "SSD 64GB" juu ya mashine za eMMC. Nilipomwuliza alinijibu, "Mama, yote ni SSD, hakuna kinachozunguka ndani." Ni kweli hakuna kinachozunguka. Na mteja akilalamikia nafasi anauziwa kadi ya kumbukumbu ya kuchomeka ubavuni, kana kwamba Windows itaweka masasisho yake huko. Haitaweka. Masasisho makubwa yanataka nafasi kwenye hifadhi ile ndogo ya ndani, na Microsoft yenyewe imetaja GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Mashine ya GB 64 basi inauzwa ikiwa tayari imegusa sakafu.

Ukirudi nayo, unaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na kueleza bidhaa kwa uongo ni mojawapo ya mambo inayokataza. Lakini nani atatoka Siyu kwenda kushtaki Mombasa kwa ajili ya laptopu ya elfu ishirini? Nauli ya basi, boti ya Mokowe, malazi. Wanalijua hilo, ndiyo maana mzigo mbaya huishia huku.

Kabla ya kulipa

Ikiwa uko dukani na mashine inawaka, fungua orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager), nenda kwenye diski, usome jina. Ukiona herufi MMC, au jina fupi kama DF4064, hiyo ni eMMC, rudisha mashine mezani. Ukiona NVMe usishangilie mapema, kwa kuwa nayo inaweza kuwa imelehemiwa. Hapo ni mwongozo wa huduma au kufungua kifuniko.

Wengi wetu lakini tunanunua kwa simu, tunatuma kwa M-Pesa, tunasubiri mzigo ushuke kwenye basi. Hapo mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini akutumie picha, diski ionekane na namba ya mfano ionekane kwenye picha hiyohiyo, ili asikutumie picha ya mashine ya mtu mwingine. Ni kazi ya dakika tano kwa mashine za nafasi ya kwanza na ya pili. Akikuambia kufungua kutavunja waranti, mwulize waranti ya mashine ya 2018 iliyotumika Uingereza anaishika nani. Mpaka picha ifike, usitume hata shilingi ya kushikia.